Bakuli Halirudi Tupu

Mwaka 1983 sukari ya nyumbani kwetu ilikuwa na nasaba. Ukitiliwa kijiko kimoja kwenye kikombe cha chai, ulijua kimepitia wapi: duka la ushirika lilipata mzigo lini, balozi wa nyumba kumi aliandika kilo ngapi kwenye kadi yetu, nani aliamka alfajiri kupanga foleni, na robo ya kilo ile ilikwisha kwenda kwa jirani gani aliyejifungua. Sikuwa na umri wa kuelewa uchumi, lakini habari za kijiko kile nilizijua tangu mwanzo hadi mwisho.

Tuliishi Tanga, Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na ua wenye mpapai, mchaichai na jiko la kuni. Nyumba ilikuwa ya Bibi, mama yake Mama. Alizaliwa Tongoni, kule kwenye magofu kusini mwa mji, akaolewa mjini na mfanyakazi wa reli, akafiwa naye kabla mimi sijazaliwa. Mimi aliniita "mume wangu," kama mabibi wa pwani wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, na cheo hicho kilikuwa na kazi zake: kuteka maji bombani, kukuna nazi, kutumwa.

Waliokuwapo wanakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera. Vita vilipokwisha Rais wetu, Mwalimu Nyerere, alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Petroli ikapanda bei duniani, mkonge ambao ndio uliokuwa ukiulisha mkoa wetu ulikwisha kushushwa na kamba za nailoni, nchi ikakosa fedha za kigeni, viwanda vikakosa malighafi na vipuri. Miezi 18 ikapita na mikanda ikabaki palepale ilipofungwa. Mjini kwetu kulikuwa na kiwanda cha sabuni, na bado tulifua kwa majani ya mpapai.

Foleni ya duka ilipangwa na mawe. Mtu hawezi kusimama tangu usiku hadi saa nne asubuhi, kwa hiyo aliweka jiwe, tofali au kopo bovu, akarudi kulala au kupika uji. Mawe yalijulikana. Letu lilikuwa kipande cha tumbawe chenye tundu, na kazi yangu kabla ya shule ilikuwa kwenda kulitazama lisisogezwe nyuma na mwenye hila. Nikilikuta mahali pake nilirudi mbio kumwambia Bibi, naye alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ileile aliyoitumia alipopata habari kwamba Mjomba amepata kazi. Kwake habari njema ilikuwa habari njema, hakuwa na ratili ya kuzipima.

Ila asije mtu akadhani Bibi alikuwa mpole wa kukubali kila kitu. Alinung'unika kweli. "Nimezaa watoto saba, sabuni nikanunua kila nilipotaka," alikuwa akisema akiwa juu ya kibao cha mbuzi, "leo uzee huu naandikiwa kipande kwenye kadi!" Siku moja kiongozi mmoja alikuja kuhutubia mtaani, akawaambia watu wawe na shukrani kwa kidogo wanachogawiwa. Bibi alirudi kutoka mkutanoni amefura. Alivua ushungi, akaketi, akamgeukia Mama.

"Namshukuru Mungu aliyeniumba, namshukuru na mkulima aliyelima. Huyu anataka nimshukuru kwa lipi? Kwa kunicheleweshea?"

Maneno hayo nimekaa nayo muda mrefu. Nimewasikia watu wengi tangu wakati ule, wa dini na wa siasa, wakitumia shukrani kama kizibo cha mdomo: shukuru tu, wenzako hawana hata hicho. Bibi hakuwahi kutuambia kwamba wenzetu hawana. Akitaka tushukuru alituambia nani kafanya nini.

Njaa ilipokaribia, serikali ilileta mahindi ya msaada kutoka Marekani, ya njano. Nchi nzima iliuita unga wake "yanga" kwa sababu ya rangi ya jezi za Young Africans. Ugali wake ulikuwa na harufu yake, na watu wa pwani tuliozoea bada na wali hatukuupenda. Mjomba, ambaye kwa Tanga alikuwa Coastal na kwa Dar es Salaam alikuwa Simba damudamu, aliisukuma sinia na kuapa kwamba Yanga haiingii tumboni mwake. Tulicheka sote. Bibi alicheka pia, kisha akairudisha sinia mbele yake.

"Huko kwao kuna mtu kalima haya. Hakujui, wala hajui Simba ni nini. Kula."

Mjomba akala. Tangu siku hiyo nilikuwa nikimfikiria yule mkulima wa Marekani, nikimpa kofia na jembe, kwani sikuwa nimewahi kuona trekta likilima shamba.

Lakini ukiniuliza siku ipi ningependa kuirudia, sitataja Idi wala sikukuu yoyote. Nitataja siku za kupika mafuta ya nazi. Mafuta ya kupikia yalipoadimika madukani, Tanga tulikuwa na bahati ambayo watu wa bara hawakuwa nayo: minazi. Nazi zilikuja kwa baiskeli kutoka mashamba ya barabara ya Pangani, na Bibi akipata za kutosha aliteua siku.

Mimi na binamu zangu tulikuna kwa zamu, mmoja juu ya mbuzi, mwingine akivunja, mwingine akikinga dafu la uongo, yaani yale maji ya nazi kavu ambayo hayana utamu lakini tuliyagombea. Nazi iliyokunwa ilitiwa kwenye kifumbu na kukamuliwa. Bibi alikamua mwenyewe, kwa sababu alisema mikono yetu haijawa na deni la kutosha. Maana yake sikuijua na hadi leo sina hakika. Tui likaachwa litulie, mafuta yapande juu, kisha likawekwa motoni kwenye sufuria pana. Hapo ndipo ulipoanza mchana wenyewe.

Tui likichemka hupiga kelele. Maji yaliyomo ndani yanatoka kwa kupasukapasuka, na mwanzoni sufuria huvuma hadi unaweza kuisikia ukiwa ukumbini. Bibi alikuwa anaona vizuri, lakini hakuangalia. Alikaa kwenye kigoda amegeukia mpapai, akisikiliza. Saa nzima inapita, kelele zinapungua, zinakuwa kama watu wanaonong'ona chumba cha pili. Sisi tumechutama, hakuna anayesema. Halafu ukimya. Bibi anageuka, anapunguza kuni, anachungulia: mafuta yamekuwa mang'avu, na chini yametulia mashata, yale makapi ya kahawia yaliyoiva, yenye harufu ambayo siwezi kuieleza kwa mtu ambaye hajaisikia.

Mafuta yalichujwa kwenye chupa. Mashata yalikuwa yetu. Wakati wa neema yangechanganywa na sukari. Siku zile tuliyala hivyohivyo na muhogo wa kuchemsha, au na kipande cha sukari guru kama kilikuwapo. Kabla hatujagusa, Bibi alionja kwa ncha ya kidole, akasema "Alhamdulillahi," kisha akaongeza: "Mungu amrehemu aliyeipanda."

Mnazi mrefu wa pwani huchukua miaka sita, saba, kabla haujaanza kuzaa vizuri, na ukishaanza huzaa kwa miaka mingi. Aliyeipanda minazi ile ya njia ya Pangani huenda alikufa kabla ya Mama kuzaliwa. Bibi hakumjua jina. Alimwombea rehema palepale jikoni, huku akitufukuza tusiunguze vidole, na baada ya hapo akaanza kulalamika kwamba kuni zimepanda bei.

Nusu ya mafuta hayakulala kwetu. Yaligawanywa kwenye chupa ndogo za dawa, na mimi nikazungushwa mtaa mzima: moja kwa mke wa balozi, moja kwa mama wa nyumba ya pili mwenye pacha, moja kwa mzee muuza kahawa aliyepita jioni na dele lake akigonga vikombe. Majirani nao walikuwa na siku zao. Mmoja alipata dagaa, mwingine ndugu yake alimletea machungwa kutoka Muheza. Mabakuli yalikuwa njiani muda wote.

Na bakuli halirudi tupu. Hiyo ilikuwa sheria ambayo hakuna aliyeiandika. Wakati wa neema ilikuwa rahisi: ukiletewa kaimati unarudisha bakuli na kipande cha mkate wa kumimina. Lakini unatia nini mwaka ambao hakuna kitu? Nilimwona Bibi amesimama katikati ya ua, bakuli la jirani mkononi limeshaoshwa kwa majivu na makumbi, akitazama huku na huku. Alikata majani ya mchaichai, akayakunja vizuri, akayafunga kwa ukili, akayaweka ndani. Siku nyingine zilikuwa ndimu mbili. Siku nyingine ilikuwa chumvi ya mawe, kiasi cha kufunika kiganja. Wakati mmoja hakukuwa na kitu kabisa, mchaichai umekatwa hadi shinani, akachuma asumini iliyochanua jioni ile, akaiweka kwenye bakuli na kunipa nipeleke. Nilikuwa na umri wa kuona haya. Mwanamke aliyepokea alitia pua ndani ya bakuli, akafumba macho, akaniambia: "Mwambie Bibi nitaitia kwenye mto, mume wangu anarudi kesho kutoka safari." Nilifikisha ujumbe neno kwa neno, na wanawake wote wa uani walicheka hadi nikakimbia.

Mwaka huohuo wa 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoongoza msako wa wahujumu uchumi, zilienea habari kwamba wenye bidhaa walizozificha walikuwa wakizitupa usiku kwa kuogopa kukamatwa: sabuni mitaroni, sukari baharini. Watu wengi walifurahi. Barazani kwetu palikuwa na vigelegele. Bibi hakuwatetea walanguzi, alikuwa na maneno makali kwao kuliko mtu yeyote. Lakini kilichomkaa moyoni ni sukari yenyewe. Kwa siku kadhaa alikuwa akirudia peke yake, huku akichambua mchele, "Wameitia baharini. Muwa umelimwa, umekatwa, umesagwa, umebebwa, wameutia baharini." Mwenye sukari alikuwa mwizi, sawa. Mkata miwa alimkosea nini?

Nisiupake mwaka ule rangi isiyo yake. Nawasikia watu wa rika langu wakisema enzi zile watu walipendana, na kwamba dhiki ilitufunza utu. Dhiki iliwafunza wengine kudanganya idadi ya watu nyumbani ili kadi yao iongezwe. Iliwafunza wengine kuuza kwa mlango wa nyuma. Sisi watoto tulitoka upele mwili mzima kwa kukosa sabuni, na hakuna utu niliojifunza kwa kujikuna. Kama dhiki ndiyo ingekuwa mwalimu wa shukrani, mtaa mzima ungekuwa kama Bibi, na haukuwa. Yeye alikuwa hivyo tangu kabla, Mama alikuwa akinihakikishia, hata wakati wa reli, mshahara ukija na siagi ya kopo mezani.

Mdogo wangu alishikwa na malaria wakati wa mvua za masika. Hospitali tuliyompeleka haikuwa na dawa. Waliandika jina la klorokwini kwenye karatasi na kutuambia tutafute. Mjomba alizunguka mji mzima kwa baiskeli. Alipata vidonge usiku wa manane, kwa mtu, kwa bei ambayo hakuitaja mbele yetu. Usiku ule sikumsikia Bibi akishukuru chochote. Alikaa mkekani kamlaza mtoto miguuni, akimkanda kwa kitambaa cha maji, mdomo umefungwa. Nililala, nikaamka, bado yuko vilevile.

Alfajiri jasho likamtoka mtoto, homa ikashuka, akaomba chai. Bibi alikwenda jikoni. Nilimfuata. Aliwasha moto, akatia mchaichai, akateremsha kopo la sukari kutoka juu ya kabati, lile la kupimia kijiko kimoja kimoja, ambalo lilitakiwa lifike hadi mzigo mwingine uje. Akalikung'uta lote ndani ya birika. Alilipiga hata matakoni ili isibaki punje. Tulikunywa sote, mgonjwa na wazima, pamoja na jirani aliyekuja kumjulia hali na mzee wa kahawa aliyekuwa akipita. Chai ilikuwa tamu mno, karibu haikunyweka. Mama aliangalia kopo tupu, akamwangalia mama yake, hakusema neno. Wiki zilizofuata tulikunywa chai chungu.

Redio yetu ilikuwa na betri nne, na betri nazo zilikuwa adimu. Mchana zilianikwa juu ya ukuta wa ua zipate jua, ziongeze nguvu kidogo, na usiku redio iliwashwa kwa hesabu: taarifa ya habari, matangazo ya vifo, na mchezo wa Pwagu na Pwaguzi kama betri zimeamka vizuri. Baada ya hapo ilizimwa. Nilichokipenda zaidi kilikuwa baada ya kuzimwa, kwa sababu hapo watu wazima walianza kuibishia redio, na sisi tulisahaulika tukaachwa macho. Mwezi Aprili 1984, jioni ambayo Mwalimu mwenyewe alitangaza kwamba Sokoine amefariki kwa ajali ya gari, hakuna aliyenyoosha mkono kuizima. Nyimbo za maombolezo zilipigwa hadi sauti ikawa nzito, ikazama, betri zikafa. Palepale watu walibaki wameketi barazani.

Kisha zikaja nyakati za ruksa. Mzee Mwinyi aliingia madarakani mwishoni mwa 1985, na milango ya biashara ambayo ilikwisha kuanza kufunguliwa ikafunguka zaidi. Mitumba, khanga, sabuni za rangi zote, sukari kwa gunia. Siku Mjomba aliporudi na kilo tatu za sukari kwenye mfuko wa karatasi, akaziweka mezani kwa kishindo, Bibi aliutazama mfuko kwa mashaka.

"Umeipata kwa nani?"

"Dukani, Mama."

"Dukani kwa nani?"

"Duka tu, Mama. Unatoa pesa, unapewa."

Jibu hilo halikumridhisha. Alijifunga khanga yake, akaniambia nimwongoze, tukaenda hadi kwenye duka lenyewe, la kijana mmoja kutoka Pemba. Bibi alimwamkia, akapokea shikamoo yake, akaketi kwenye gunia la mchele kana kwamba amealikwa, akamuuliza mama yake yu hai, yeye mwenyewe ana watoto wangapi, na sukari hii yatoka wapi. Yule kijana alijibu yote. Kabla mwezi haujaisha Bibi alikuwa anamjua mkewe kwa jina, na siku mkewe alipojifungua, robo ya kilo ya sukari ilitoka nyumbani kwetu ikarudi kwa mtu aliyetuuzia. Mjomba alishika kichwa. "Mama, huyu ana magunia!" Bibi akamwambia hayo magunia ni ya kuuza.

Alikufa miaka ya tisini, wakati wa machungwa. Mimi nilikwisha kuhamia Dar es Salaam, na hapa ndipo nilipo hadi sasa, katika nyumba ya kupanga yenye geti moja na wapangaji wasiojuana sana. Sukari naichukua rafuni bila kumwona mtu zaidi ya mshika mashine ya malipo, na nakiri kwamba nashindwa kuketi juu ya gunia la mtu nikamuuliza hali ya mama yake. Hakuna gunia, kwanza. Ila mchaichai ninao, kwenye ndoo iliyotoboka, karibu na bomba.

Krismasi iliyopita jirani wa mlango wa tatu, dada mmoja wa Kilimanjaro, alituletea pilau kwenye kikopo cha aiskrimu. Tulikula. Siku ya pili nilikiosha, nikakata mchaichai, nikaufunga, nikaongeza ndimu mbili, nikambishia hodi. Alikipokea huku akitazama ndani kwa mshangao.

"Jamani kaka, hiki si ungekitupa tu? Cha aiskrimu hiki!"

Nikamwambia kwetu chombo hakirudi kitupu.

"Kwenu wapi?"

"Tanga."

Akacheka sana, akamwita mumewe aje aone. "Basi nimewajua nyie," akasema. "Subirini, mtaona. Naleta sufuria."

Alileta kweli, Jumamosi yake: sufuria kubwa la makande, na mfuniko wake. Mke wangu analiangalia kila asubuhi pale juu ya friji na kuniuliza nina mpango gani, maana mchaichai peke yake safari hii hautatosha.